Magoli ya Zuhura na Mkasi wa Mwalimu Filimbi

Juzi jirani yangu hapa Mapinga alikuwa anafunga mizigo ahamie karibu na kazini kwake, na tangu asubuhi nikawa nasikia selotepu ikivutwa. Krrrr, kimya. Krrrr, kimya. Mtu mwenye utu angekwenda kumsaidia. Mimi nilifunga dirisha, nikaongeza sauti ya redio, na bado nikaisikia mpaka kwenye meno. Mwanangu akaniuliza, "Mama, selotepu imekukosea nini?" Nikamwambia akasome. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na kwa kuwa yeye nimemfukuza, nitawajibu nyinyi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Si mgonjwa wala sina huzuni; wa ndani tu, kama paka wengine walivyo. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakaa, na safari yangu ndefu siku hizi ni ya kwenda genge la kona kununua nyanya, nayo nikipata wa kumtuma simwachi. Utotoni huko Kiwangwa waliniita Kizingiti, kwa sababu kila aliyekuja kwetu alinikuta nimekaa mlangoni, akaniruka, akaingia. Jina hilo alinipa Zuhura.

Zuhura alikuwa mtoto wa mama mdogo. Tulikaa ua mmoja, tukala sinia moja, tukavaa sare za kupokezana. Miguu ilipogawiwa, yeye alipewa ya kuruka, mimi nikapewa ya kukunja. Alicheza mpira wa pete tangu darasa la tatu, na tulipofika sekondari alikuwa mmoja wa wafungaji wawili wa timu ya shule. Hakuwa mrefu sana. Alikuwa na tabia moja tu: akipata mpira chini ya goli alitulia, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, halafu mpira ukaingia. Hakushangilia. Aligeuka akarudi mahali pake huku akijifuta vumbi jekundu mapajani.

Baba yake, yaani baba mdogo, alikuwa mkulima wa mananasi na mtu wa maneno machache, yote ya kazi. Tulipoingia kidato cha tatu alimweka Zuhura mbele yake akampa masharti, na sisi wengine tukiwa tunasikiliza huku tunajifanya tunachambua mchele. "Mwaka huu nakuachia jioni zako," alisema. "Wakikuchukua timu ya wilaya, nitajua kuna kitu, utacheza mpaka umalize shule, na mtu asiniulize palizi. Wasipokuchukua, mpira basi. Jioni zako zitakuwa za mananasi."

"Sawa, baba," Zuhura akasema. Usiku ule alilala usingizi mzito. Mimi ndiye niliyekesha.

Mimi, kwa kuwa sikuweza kudaka hata embe lililoiva, nilipewa kazi ya kuandika magoli. Nilikaa kwenye benchi kivulini, daftari mapajani, nikaandika nani kafunga mara ngapi, huku harufu ya mananasi yaliyochachuka ikitujia kutoka shamba la jirani na nyuki wakinizunguka kana kwamba nami nimeiva. Zuhura akipita mbele yangu alinitupia neno: "Andika vizuri, Kizingiti, usije ukasinzia nikafunga bure."

Mwaka huo ndio alipokuja Mwalimu Deo. Alikuwa mwalimu wa mazoezi, yaani bado mwanachuo aliyeletwa kujifunza kufundisha, kijana kutoka Songea, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kuvuta kidogo tulichokicheka siku mbili, ya tatu tukaanza kukiiga kwa mapenzi. Alifundisha hesabu. Mimi kabla yake hesabu nilikuwa nazipita kama mtu anavyopita nyumba yenye mbwa.

Siku moja aliingia darasani amebeba mche wa muhogo, umeng'olewa na udongo wake. Akauegemeza ubaoni. "Leo tunalima," akasema. Darasa zima likaguna, maana wengine tulikuwa tumetoka kulima muda uleule kwa adhabu ya kuchelewa. Akaniomba magoli ya wafungaji wetu. Akaandika makumi kwenda chini, akapiga mstari wa wima, na upande wa kulia akawa anaweka mamoja. "Hapa makumi ni shina," akasema, "na mamoja ni majani. Ishirini na nne: shina mbili, jani nne. Haya, pandeni."

Tukapanda. Wavulana wa viti vya nyuma walichora mihogo ya kweli, yenye majani ya vidole vidole, wakaandika namba juu ya kila jani, na mmoja wao akaongeza na mizizi. Mwalimu Deo alicheka mpaka akatafuta kiti. Halafu akaja kwangu. Zuhura alikuwa amefunga magoli ishirini na mawili katika mechi mbili tofauti, nami nilikuwa nimeweka jani moja tu.

"La pili liko wapi?"

"Mwalimu, si ni lilelile."

"Ukila kisamvu leo, na kesho ukala kisamvu, umekula mara ngapi?"

Nikaongeza jani. Nilipomaliza, Zuhura wangu alikuwa hivi:

1 | 9
2 | 1 2 2 4 5 6 8
3 | 0 1

Nikahamia kwa mfungaji wa pili, Latifa. Latifa alikuwa binti mrefu, mpole, mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma pale njia panda. Sina ugomvi naye, hilo nawaomba mlishike. Namba zake zilikuwa za chini, sita, saba, tisa, kumi na kitu, mpaka moja iliyokuwa arobaini na moja. Kwa kuwa hakuwa na mechi yoyote ya ishirini wala thelathini, mkono wangu uliruka kutoka shina la moja hadi la nne. Mwalimu Deo akaweka kidole kwenye daftari langu.

"Rudi. Andika mbili, andika tatu, uyaache wazi."

"Lakini hayana majani, mwalimu."

"Ndiyo maana. Pengo nalo ni habari. Ukiliziba umesema uongo, hata kama kila namba uliyoandika ni ya kweli."

Nikaandika hivi:

0 | 6 7 9
1 | 0 1 1 3 4 6
2 |
3 |
4 | 1

Sijui kama mmewahi kuona kitu kikikaa sawa mbele ya macho yenu baada ya miaka ya ukungu. Namba za Zuhura zilikuwa zimeshonana bega kwa bega, kama watu kwenye safu ya swala. Za Latifa zilijikusanya juu, halafu uwanja mtupu, halafu jani moja peke yake huko chini, kama mbuzi aliyepotea. Ukihesabu kutoka pande zote mbili kutafuta mechi ya katikati, kwa Latifa unaangukia kumi na moja; kwa Zuhura unaangukia kati ya ishirini na nne na ishirini na tano. Mtoto asiyejua hata sheria za mpira wa pete angekuambia nani ni mfungaji.

Na siku ya mbuzi huyo mimi nilikuwepo. Ilikuwa mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Baba yake Latifa alikuwa ametuchomelea magoli mapya ya chuma, akaalikwa kuja kuyaona, akakaa kwenye kiti cha ofisini amevaa kanzu. Wageni walitoka upande wa Mkange, wamefika wamechoka na walinzi pungufu. Mwalimu wetu wa michezo, tuliyemwita Mwalimu Filimbi kwa sababu hata akila alikuwa nayo shingoni, alitembea pembeni ya uwanja mechi nzima akinong'ona kwa sauti ambayo hata mimi benchini niliisikia: "Zuhura, mpe Latifa. Mpe mwenzio, mzee anaangalia." Zuhura akampa. Kila mpira uliomfikia akampa. Ndiyo siku Latifa alipofunga arobaini na moja, na Zuhura akapata kumi na tisa zake, chache kuliko siku nyingine yoyote. Kwa hiyo hata lile jani la Latifa, ukilikata, lingetoka utomvu wa Zuhura.

Mwalimu Deo aliupenda mchoro wangu akaupeleka kwa mkuu wa shule. Mkuu naye akaupenda. Afisa wa michezo wa wilaya alikuwa anakuja kuchagua, na shule yetu ilipewa nafasi ya mfungaji mmoja tu. Mkuu akaamua uchaguzi ufanyike hadharani, barazani, timu nzima ikiwepo, ili mtu asije akanung'unika. Nikaambiwa niuchore upya kwenye karatasi ya manila. Nimewahi kupika pilau ya watu wa hitima nzima, sijawahi kujitahidi kama nilivyojitahidi na manila ile. Mistari nilipiga kwa rula. Mapengo ya Latifa niliyaacha meupe, mapana, hata mtu wa mbali ayaone. Mwalimu Filimbi akaipokea. "Niachie niihifadhi," akasema.

Siku ya uchaguzi mkuu alikuwa safarini; sisi tulikaa chini barazani. Afisa alikuwa mama mmoja mchangamfu, mwenye haraka, ana shule nyingine ya kwenda kabla ya adhuhuri. Manila ikabandikwa ukutani, na kabla sijasoma namba hata moja niliona kitu kinang'aa katikati ya upande wa Latifa. Kilikuwa selotepu. Karatasi ilikuwa imekatwa kwa mkasi, mistari miwili mitupu imetolewa, na vipande vimeunganishwa vizuri, kwa ustadi, kama shati la mtoto lililotiwa kiraka na mama anayejali. Sasa Latifa alisomeka hivi:

0 | 6 7 9
1 | 0 1 1 3 4 6
4 | 1

Yule mama akasogea, akafuata kwa kidole kutoka juu kwenda chini, kama mtu anavyofuata mche unavyorefuka. "Alianza na sita," akasema, "akaja kumi, akaja kumi na sita, sasa huyo arobaini na moja. Huyu mtoto anakua."

"Anakua, mama," Mwalimu Filimbi akaitika. "Kama muhogo wa masika."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu ni mzuri, ila ndiyo hivyo unavyomwona. Amejaa mahali pamoja. Hasogei."

Zuhura alikuwa amekaa mbele yangu. Niliona shingo yake tu. Na mimi, Kizingiti, mtu ambaye hata hodi nilikuwa naitikia kwa kunong'ona, nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Mchoro huu hauendi kwa siku. Umepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa tu. Ile arobaini na moja ilikuwa mechi ya kwanza. Na hapo katikati kuna mistari miwili imetolewa."

Yule mama akamgeukia Mwalimu Filimbi. Ungemwona Filimbi alivyotabasamu. Hakuniangalia mimi, aliwaangalia wenzangu wote, akawaingiza kwenye utani wake kama mtu anayewakaribisha chai. "Nyinyi ni watoto wa wakulima," akasema. "Shina lisilo na jani hata moja, shambani unaliacha la nini? Si unaling'oa?" Wakacheka. Baraza zima lilicheka, na lilikuwa na haki ya kucheka, maana ndivyo tunavyofanya kwetu: mti mkavu unang'olewa, nafasi inapandwa kingine. "Kaa chini, mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa. "Leo umetoka nje, jua limekupiga."

Sikukaa. Nilimtafuta Mwalimu Deo. Alikuwa amesimama kwenye nguzo, mwisho wa baraza, nami nikamtazama kama mtu anavyomtazama mwenye ufunguo. Ingetosha aseme neno moja. Pengo nalo ni habari: maneno yake mwenyewe, sikumtaka hata atunge mapya. Akainua uso, akaangalia ukutani, akaangalia tulipokaa, halafu akainama kufunga kamba ya kiatu. Aliifunga muda mrefu sana. Aliposimama, yule mama alikuwa ameshaandika jina la Latifa.

Nikasema moyoni kwamba hakuiona. Jua lilikuwa linawaka kwenye ile selotepu, alisimama mbali, asingeweza kuiona. Nilimtafutia udhuru mmoja baada ya mwingine, na kipindi chake kilichofuata nilikaa mbele kama kawaida, nikanyoosha mkono kama kawaida. Hasira zangu zote nilimpelekea Mwalimu Filimbi. Nilimchukia kwa ibada, alfajiri mpaka isha. Nilifika mahali nikawa nachukia hata filimbi ya askari wa barabarani.

Jioni ile Zuhura alikwenda mwenyewe shambani kwa baba yake. Nilimfuata nyuma, jambo la ajabu kwangu, mpaka mwanzo wa matuta.

"Wamemchukua nani?" baba mdogo akauliza.

"Latifa."

"Haya."

Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Alimpa jembe la palizi na nguo nzito ya kujifunga miguuni, maana majani ya mananasi yana meno. Tangu hapo jioni zake zikawa huko. Uwanja haukuwa mbali na shamba. Upepo ukigeuka, mlio wa filimbi ulifika, na kila ulipofika Zuhura aliinua kichwa, mara moja, kama mtu aliyeitwa, halafu akainama tena. Mimi nilikuwa nakaa kwenye tuta namtazama. Ndiyo kipindi pekee cha maisha yangu nilichokaa nje sana. Latifa alikwenda wilayani, wakamkalisha benchi, akarudi hakusema kitu. Yeye mwenyewe alijua.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tulishindwa kwa sababu watu hawakujua kusoma mchoro. Ilikuwa imani nzuri, ya kitoto, inayoacha mlango wazi: wafundishe watu, watasoma, hawatarudia. Mwaka jana mpwa wangu alikwenda mazoezi ya kufundisha, akawa ananipigia simu kila jioni kunieleza jinsi anavyombebea begi mwalimu wa taaluma, kumpashia chai, kucheka utani wake usiochekesha, kwa sababu mwalimu huyo ndiye anayemjazia alama, na asipojaziwa vizuri miaka yake yote chuoni ni kazi bure. Nilikuwa nasonga ugali. Nikasimama na mwiko mkononi. Mwalimu Filimbi, wakati ule, ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa taaluma.

Basi aliiona. Mwalimu Deo aliiona selotepu, aliyaona mapengo yaliyokatwa, alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale barazani. Alikuwa kijana, mbali na kwao, na alama zake zilikuwa kwenye kalamu ya mtu mwenye mkasi. Naelewa kabisa. Nimejaribu kujiweka pale kwenye nguzo, na sidhani miguu yangu ingekuwa hodari kuliko yake. Lakini mtu akikuambia kwamba ukielewa hasira hupoa, mwambie aje Mapinga aniulize. Ugali uliungua.

Nilimpigia simu Zuhura siku ileile. Yupo Kiwangwa bado, mananasi ni yake sasa, ana sauti ya kuita wapakiaji ambayo haihitaji simu.

"Kizingiti," akasema, "umetoka nje leo, au unanipigia ukiwa kitandani?"

"Mwalimu Deo aliiona," nikamwambia. Sikueleza nini. Hakuuliza nini.

Nikasikia mtu huko nyuma anahesabu mananasi kwa sauti, na Zuhura akimwambia asubiri.

"Nilijua palepale," akasema. "Aliniangalia mimi kwanza, kabla hajainama. Macho ya mtu anayeomba radhi kwa jambo ambalo bado hajalifanya."

"Na miaka yote hii hukuniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Mimi mpira ulikuwa umeshakwenda. Wewe shuleni pale ulikuwa na kitu kimoja tu, hesabu za yule mwalimu, unakwenda darasani mbio kama anayekwenda harusini. Nikunyang'anye na hicho, tukae wote wawili mlangoni?"

Alikuwa ametoka kunyang'anywa chake mchana kweupe, mbele za watu, wakicheka, na kabla hajafika shambani kwa baba yake alikuwa ameshafikiria mimi nibakie na nini. Na nilibaki nacho: nilifaulu hesabu mwaka uliofuata, peke yangu katika ukoo wetu, nikaringa, nikidhani ni akili zangu.

"Mimi yule kijana nilishamsamehe zamani," akasema. "Na Filimbi pia, Mungu amrehemu. Usihangaike." Akanituma nimsalimie mwanangu, akarudi kwenye mananasi yake.

Amesamehe, na ni haki yake, maana jioni zile zilikuwa zake. Mimi sijasamehe na sina mpango. Hasira kama ile haifai kuachwa ikatangatanga bila mwenyewe. Lazima mtu mmoja katika ukoo akae nayo, na sisi sote tunajua nani huwa hatoki nyumbani.